Usihesabu Rasta, Hesabu Floti: Kufanya Kazi na Vijana Kwenye Kaunta ya Pesa za Simu, Kongowea

Sokoni Kongowea pesa huamka mapema kuliko watu. Malori ya viazi, vitunguu na machungwa yakishateremsha mzigo, mwenye lori anataka kulipwa, mchukuzi anataka chake, mama wa tungule anataka kuweka pesa kwenye simu kabla hajapanda tuktuk kurudi Bombolulu. Upande wa mitumba nako, namba ya tili imebandikwa kwenye kila meza. Na ukitazama nyuma ya kaunta nyingi za pesa za simu, aliyeketi pale si mwenye duka. Ni kijana wa miaka 18, 20 au 23. Ana rasta kichwani, spika ya sikioni upande mmoja, Sheng mdomoni, na mtaji wa mtu mwingine mikononi mwake.

Pesa za simu zilianza Kenya Machi 2007. Maana yake ni kwamba kijana aliyezaliwa mwezi ule alitimiza miaka 18 Machi 2025 na sasa ana kitambulisho na anatafuta kazi. Huyu hajawahi kuishi katika nchi isiyo na pesa za simu. Vidole vyake vina kasi, menyu anaijua, na mteja akikwama anamuelekeza mara moja. Lakini wenye maduka wanaotuuliza maswali hawaanzi na hayo. Wanaanza hivi: "Huyu kijana wangu simwelewi. Nywele zile, marafiki wale, lugha ile. Nitajuaje haniibii?"

Swali la "haniibii" ni halali kabisa. Tatizo ni pale jibu linapotafutwa kwenye nywele. Katika makala hii tunataka kusema jambo moja: mtindo wa kijana haukuambii lolote kuhusu pesa zako, lakini daftari litakuambia kila kitu. Ukiweka utaratibu mzuri wa hesabu, hutahitaji kukisia tabia ya mtu kwa kuangalia suruali yake. Na kijana akiona utaratibu ni wa haki, utashangaa atakavyoulinda.

Vijana wa leo si wa kwanza

Kila kizazi Mombasa kimekuwa na vijana waliowatia wazee wasiwasi. Miaka ya 1890, hapa pwani yetu, Lamu na Mombasa, kulizuka ngoma ya beni. Jina lenyewe limetokana na bendi za wazungu. Vijana walijigawa makundi, Mombasa wakiwemo Kingi na Skochi, wakavaa sare za kuigiza maafisa wa jeshi na manowari, wakapeana vyeo, wakashindana kwa maandamano, nyimbo na karamu. Wazee walinung'unika kwamba ni ubadhirifu na kiburi. Wakoloni nao waliwatilia shaka. Ngoma ile ilienea hadi Tanganyika, ambako makundi ya Marini na Arinoti yalipata umaarufu, na mwaka 1975 mwanahistoria Terence Ranger akaiandikia kitabu kizima.

Kwa nini tunaitaja kwenye makala ya pesa za simu? Kwa sababu ukiondoa zile sare na ngoma, kilichobaki ndani ya beni kilikuwa ni mpango. Kulikuwa na viongozi, michango, na kusaidiana wakati wa ugonjwa na mazishi. Wengi wa vijana wale walikuwa makarani, askari na watu wa kazi za mishahara. Mchana walikuwa kazini, jioni ngomani. Waliyojifunza ngomani kuhusu nidhamu ya kundi na heshima ya cheo waliyajua hata kazini.

Baada ya beni zilikuja nyingine: rege na rasta, hip hop, bango letu la pwani, utamaduni wa matatu na michoro yake, na kuanzia 2018 hivi, gengetone kutoka Nairobi. Kijana uliyemwajiri ana mmoja au zaidi ya ulimwengu huu ndani yake. Ana maskani yake, wenzake, sheria zao zisizoandikwa. Usilolijua ni kwamba mara nyingi maskani hiyo hiyo ina mchango wa kila wiki, ina mweka hazina, na anayekula pesa ya wenzake hapati pa kuketi tena. Kijana huyu anaelewa uaminifu wa pesa. Swali ni kama dukani kwako ameonyeshwa utaratibu ulio wazi kama ule wa maskani.

Mtindo si ushahidi

Tuseme ukweli kuhusu hofu. Kongowea na Kisauni zimekuwa kwenye habari kwa sababu ya magenge ya vijana. Majina kama Wakali Kwanza na Wakali Wao yanajulikana na kila mwenye duka wa upande huu wa daraja, na kuna waliopoteza mali na hata maisha. Hofu hiyo haikutoka hewani, na hatumwambii mtu aipuuze.

Lakini hofu hiyo ina mzigo unaobebwa na vijana wasiohusika. Kijana akisema anatoka mtaa fulani, mlango unafungwa. Akiwa na rasta, mkoba wa mteja unavutwa karibu. Pesa zikipungua, yeye ndiye wa kwanza kutazamwa. Na mwizi halisi anapenda sana hali hiyo, kwa sababu wakati macho yote yako kwa mwenye rasta, mtu nadhifu aliyevaa shati la kuchomekea anaonyesha ujumbe bandia na kuondoka na pesa.

Upande wa sheria nao usisahaulike. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mfanyikazi kwa misingi kadhaa, ikiwemo dini, lugha na asili yake ya kijamii. Na Septemba 2019, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba imani ya Rastafari ni dini inayostahili kulindwa, katika kesi ya mwanafunzi wa Nairobi aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya nywele zake. Kesi ile ilihusu shule, si kaunta yako, na si kila mwenye rasta ni Rastafari. Lakini inatosha kukukumbusha kwamba kumwambia mtu "nyoa ndipo nikupe kazi" si jambo la kurushwa rushwa tu.

Unachoweza kuuliza ni usafi. Unaweza kutaka nywele zifungwe, nguo ziwe safi, pengine fulana ya duka. Unachoweza kukagua kabla ya kuajiri ni kitambulisho, wadhamini wawili wanaojulikana, anakoishi, na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi ikiwa kazi ni ya pesa nyingi. Hayo yanakuambia kitu. Nywele hazikuambii.

Hesabu inayomlinda kila mtu

Sasa tuje kwenye kiini. Duka la wakala wa pesa za simu lina siri moja rahisi: pesa taslimu ukijumlisha na floti, jumla haibadiliki siku nzima, isipokuwa umeongeza au umepunguza mtaji mwenyewe. Kamisheni huhesabiwa kando.

Chukua mfano. Asubuhi una taslimu shilingi 30,000 na floti 40,000. Jumla 70,000. Mteja akija kutoa 5,000, taslimu inashuka hadi 25,000 na floti inapanda hadi 45,000. Jumla bado 70,000. Mwingine akiweka 10,000, taslimu inakuwa 35,000 na floti 35,000. Bado 70,000. Watu mia wanaweza kupita, jumla ni ile ile.

Jioni ukihesabu ukakuta taslimu 38,500 na floti 29,500, jumla ni 68,000. Umepungukiwa 2,000. Hapa ndipo maduka mengi hukosea njia. Mwenye duka anajua kiasi kilichopotea, hajui saa kilipopotea, na kwa kuwa hajui saa, anaanza kuangalia sura.

Dawa yake ni makabidhiano. Kila zamu inapobadilika, hata kama ni wewe unayetoka kwenda kuswali au kula chakula cha mchana, wawili wahesabu pamoja: taslimu, floti, jumla, saa, sahihi mbili. Kazi ya dakika tatu. Ikiwa saa nane mchana jumla ilikuwa 70,000 na jioni ni 68,000, basi pengo liko kati ya saa nane na jioni. Unarudi kwenye orodha ya miamala ya muda huo, moja moja, na mara nyingi unalipata. Kijana wa asubuhi ameshasafishwa jina bila mtu kumtetea.

Na wa mchana je? Naye analindwa. Mara nyingi utakuta mteja wa haraka alionyesha ujumbe kwenye simu yake unaosema ametoa 2,000 kwa wakala wako, kijana akampa pesa, kumbe kwenye simu ya duka hakuna kilichoingia. Ujumbe ulikuwa bandia. Hapo si mwizi, ni mtu aliyehitaji kufundishwa sheria moja: hatuamini simu ya mteja, tunaamini simu ya duka. Ujumbe ukiingia kwenye simu ya duka, unaangalia salio limepanda, ndipo unatoa pesa au bidhaa. Mteja akikasirika, na akasirike.

Jambo la pili ni PIN. Wenye maduka wengi humpa msaidizi PIN yao wenyewe kwa sababu ni rahisi. Usifanye hivyo. Ukimpa mtu PIN yako, umempa funguo za nyumba nzima, na pia umemnyima kinga yake, kwa sababu kukitokea tatizo hakuna anayeweza kuonyesha nani alibonyeza nini. Huduma nyingi za biashara huruhusu msaidizi kusajiliwa kwa jina na namba yake. Msajili. Akiacha kazi, muondoe siku hiyo hiyo, kabla hata hamjamaliza kuagana. Si kwa sababu humwamini, ni kwa sababu pengo la kesho lisimfuate.

Pesa ikipungua, nani alipe?

Hapa ndipo urafiki wa mwajiri na kijana hufa. Mwisho wa mwezi mshahara unatolewa nusu. "Zile zilizopotea nimekata." Kijana ananyamaza, anaondoka, na maskani nzima inajua kwamba duka lako linakula jasho la watu.

Sheria ya Ajira, kifungu cha 19, haisemi mwajiri asikate kamwe. Inaruhusu kukata kiasi cha pesa kilichopungua kwa sababu ya uzembe au kukosa uaminifu kwa mfanyikazi, lakini ikiwa mkataba wake unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Soma tena hapo. Kama huna mkataba unaosema hivyo, na huna daftari linaloonyesha uzembe ulikuwa wa nani, unakata kwa msingi gani? Zaidi ya hayo, makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Kama analipwa 18,000, makato yote hayavuki 12,000, na angalau 6,000 lazima zimfikie mkononi.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 9, inataka ajira ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Usiogope neno mkataba. Karatasi moja inatosha: jina, kazi, saa, mshahara, siku ya kulipwa, kwamba anashika pesa, na namna hesabu inavyofanywa. Muandike kwa Kiswahili ambacho nyote mnakielewa, kila mmoja abaki na nakala yake.

Na ikiwa unataka kumwachisha kazi kwa kosa, kifungu cha 41 kinataka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyikazi mwenzake anayemchagua, na umsikilize kabla ya kuamua. Kwenye duka la watu wawili watatu jambo hili linaonekana kubwa, lakini kwa kweli ni mazungumzo ya nusu saa. Tuangalie mazungumzo mawili.

La kwanza: "Nyinyi vijana wa maskani mnajulikana. Rudisha pesa yangu kabla sijaita polisi." Baada ya hapo hakuna la kusema. Ukiwa na haki umeipoteza, ukiwa umekosea umemharibia mtu jina.

La pili: "Mwanangu, jana jumla ilipungua elfu mbili. Zamu ya mchana ilikuwa yako. Njoo tufungue daftari na miamala, tuangalie pamoja. Ukitaka mwenzako aketi nasi, mwite." Na kijana atajibu kama mtu mzima: "Sawa, mama. Saa nane nilipokea ikiwa sawa na nikatia sahihi. Kuna jamaa wa saa kumi na moja alikuwa na presha sana, tuanze na yeye." Mnaanza na yeye. Ikiwa ni uzembe, mnakubaliana namna ya kulipa kwa mujibu wa mkataba. Ikiwa ni wizi, daftari litasema, na huko polisi utakwenda na ushahidi badala ya hasira. Ukikwama, ofisi ya leba ipo, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo chake Mombasa.

Soo, thao na jirongo

Sheng si adui wa biashara. Mteja kijana akimkuta muuzaji wanayeelewana, anarudi kesho. Lakini kwenye pesa, Sheng inahitaji breki.

Mbao ni ishirini. Finje ni hamsini. Soo ni mia. Rwabe ni mia mbili. Thao au ngiri ni elfu. Mia tano wengine huiita jirongo, jina lililotokana na mwanasiasa Cyrus Jirongo na noti za mia tano zilizosambaa enzi za kampeni za 1992. Mzee mwenye duka anaweza kuijua jirongo na asiijue rwabe. Kijana anaijua rwabe na hajawahi kusikia habari za 1992. Mteja kutoka Kilifi anaweza asijue zote mbili. Na mitaa yenyewe hubadilisha maneno kila baada ya miaka michache.

Fikiria mteja anasema "nitolee soo tano", msaidizi mwenye spika sikioni anasikia "thao tano". Tofauti ni shilingi 4,500. Kwa hiyo weka sheria moja isiyomnyima kijana lugha yake: piga gumzo kwa Sheng utakavyo, lakini kabla ya kubonyeza, taja kiasi kwa Kiswahili kamili na umngoje mteja aitikie. "Ni mia tano, sivyo?" "Naam, mia tano." Sekunde mbili. Kwa mteja mzima ongeza shikamoo yake. Vijana wa pwani wanajua heshima hiyo, wamelelewa nayo. Ukiiweka kama kanuni ya duka hawatakuona unawasimanga.

Spika hiyo ya sikioni nayo: wakati hakuna mteja, aendelee na muziki wake. Mteja akifika kwenye kaunta, masikio yote mawili ni ya mteja. Kijana atakubali hilo kwa urahisi kuliko kuambiwa muziki wake ni kelele za wahuni.

Kamera ikiwa kazini

Vijana wengi wanarekodi maisha yao, na kazi ni sehemu ya maisha. Video fupi ya TikTok kutoka dukani inaweza kukuletea wateja ambao bango lako la rangi halijawahi kuleta. Tumeona maduka ya mitumba yakiuza mzigo wote kwa njia hiyo kabla ya adhuhuri. Usikataze kwa jumla.

Ila duka la pesa za simu lina vitu ambavyo havifai kuonekana. Daftari la miamala lina majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya watu. Kioo cha simu ya duka kina salio lako. Sura ya mama anayehesabu mauzo yake ni habari njema kwa mtu anayemngoja njiani Kwa Karama. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakufanya wewe mwenye biashara uwajibike kwa taarifa za wateja unazozishika. Kwa hiyo kubalianeni mahali pa kurekodia, mbele ya duka kwa mfano, na kamwe si juu ya kaunta. Kanuni fupi: video ndiyo, daftari hapana, kioo hapana, mteja asiyeulizwa hapana.

Muguka na ndege ya Aviator

Haya ni mawili ambayo wenye maduka hutuuliza kwa sauti ya chini.

Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha amri hiyo, na mjadala ukawa wa taifa zima. Hatutaumaliza hapa. Kwa mwajiri, lililo wazi ni hili: kwenye kaunta hakuna kutafuna, kwa sababu anayetafuna hasikilizi vizuri na wateja wengine hawapendi. Sheria hiyo iwe kwa wote, hata shemeji ya mwenye duka. Anachofanya kijana jioni maskani ni mazungumzo mengine, na ukiyafanya uyafanye kama mzazi, bila kuyachanganya na mshahara.

Kamari ni hatari zaidi kwa duka lako, kwa sababu iko ndani ya simu ile ile. Michezo kama Aviator, ambapo ndege inapaa na mtu anajaribu kutoa pesa kabla haijatoweka, inaisha kwa sekunde na inaanza tena. Kijana aliyepoteza mia tatu zake hushawishika kuazima mia tatu za floti "dakika tano tu". Hapo ndipo watu wasio wezi wanapogeuka kuwa wezi. Dalili yake ni pengo dogo jioni linalozibika lenyewe asubuhi. Ukiliona mara mbili, usisubiri la tatu.

Weka wazi tangu siku ya kwanza: simu ya duka haina programu ya kamari wala ya mikopo, na floti haikopeshwi, hata kwa mwenye duka. Halafu, na hili ndilo wengi husahau, mpe kijana mlango wa halali. Akibanwa na kodi au mama yake ni mgonjwa, awe na njia ya kuomba sehemu ya mshahara mapema, kwa maandishi, bila kudhalilishwa. Mtu akijua kuna mlango, hachimbi ukuta.

Wanataka kuona hesabu. Waonyeshe

Juni 2024 vijana wa nchi hii walijipanga kupitia simu zao kupinga Mswada wa Fedha, na Mombasa haikubaki nyuma. Hatuingii kwenye siasa. Lakini mwajiri yeyote aliyekuwa macho aliona mambo mawili. Walichanga pesa kwa simu kusaidia majeruhi na familia zilizofiwa, na papo hapo wakadai waandaaji waonyeshe hadharani kilichoingia na kilichotoka. Hawakutaka kuambiwa "tuaminini". Walitaka kuona hesabu.

Kijana huyo huyo ndiye aliye kwenye kaunta yako. Ukimwambia "fanya kwa sababu nimesema", atafanya ukiwepo. Ukimweleza kwa nini, atafanya hata usipokuwepo. Kwa hiyo mwonyeshe jinsi kamisheni inavyohesabiwa. Mwambie kodi ya kibanda ni kiasi gani. Ukiweza, tenga kiasi kidogo cha kamisheni kila mwezi kwa ajili ya wafanyikazi endapo hesabu imekaa sawa, na kiandike ukutani. Duka ambalo kila mtu anajua jumla ya asubuhi ni duka ambalo kila mtu anaitafuta jioni.

Hesabu hiyo inapita pande zote mbili. Ukichukua 3,000 kwenye droo kwenda kununua nyama, andika na utie sahihi kama mtu mwingine yeyote. Mapengo mengi yanayodaiwa kwa vijana yalichukuliwa na mwenye duka mwenyewe akasahau. Kijana akiona unaandika, ataandika. Akiona huandiki, atajifunza kwamba daftari ni la wadogo tu.

Na muulize. Yeye ndiye anayekutana na matapeli wa leo, na mara nyingi mbinu mpya huzungumzwa maskani wiki kadhaa kabla haijafika kwenye mafunzo yetu. Dakika kumi kila Jumatatu kabla ya kufungua: nani alijaribu nini wiki iliyopita, tulijibuje, tutajibuje tena. Mara nyingine ndiye mwalimu, wewe mwanafunzi. Hakuna aibu.

Ya kubandika kwenye kaunta

• Taslimu ukijumlisha na floti ni lazima iwe sawa na jumla ya asubuhi. Hesabuni kila mnapopokezana, sahihi mbili.
• Kila mfanyikazi na PIN yake. Akiacha kazi, aondolewe siku hiyo hiyo.
• Tunaamini ujumbe na salio la simu ya duka, si simu ya mteja.
• Taja kiasi kwa Kiswahili kamili kabla ya kubonyeza.
• Floti haikopeshwi. Mwenye duka naye anaandika anachochukua.
• Video ndiyo. Daftari, kioo cha simu na sura ya mteja asiyeulizwa, hapana.
• Pesa ikipungua, tunafungua daftari kwanza. Hatuangalii nywele.

Ibandike mahali ambapo wewe, kijana wako na mteja wote mnaiona. Kisha mwache na rasta zake afanye kazi. Na kama kawaida yetu tunavyomaliza: PIN yako ni yako peke yako. Hakuna mfanyikazi wetu atakayekupigia simu kukuuliza, na yeyote anayeuliza, hata akiongea Kiswahili sanifu cha redioni, kata simu.